Msitu wa Kakamega Hauna pa Kuazima Mbegu

Hotuba iliyotolewa katika baraza la wananchi wanaopakana na msitu



Mkulima ambaye mbegu yake ya maharagwe imetobolewa na wadudu ghalani ana njia ya kujinusuru. Mvua ya Machi ikianza hubisha hodi kwa jirani, akapimiwa gorogoro moja au mbili, na shamba lake likapandwa kama la wengine. Atalipa akivuna. Kijiji kizima huishi hivyo na hakuna anayeona ni ajabu.

Msitu wa Kakamega hauna mlango wa namna hiyo wa kubisha. Jambo hili husahaulika karibu kila mara msitu huu unapozungumziwa. Watu husifu ukubwa wa miti, nyani na vipepeo, watalii hupiga picha, kisha mazungumzo huishia hapo. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini mti mmoja ulioanguka Isecheno ni hasara kubwa kuliko mti wa namna hiyo hiyo ulioanguka Kongo, inambidi aanze na ramani.

Zamani msitu wa mvua wa Afrika ya kati ulitanda kutoka upande wa bahari ya Atlantiki, ukapita bonde la Kongo na Uganda, ukafika hadi huku. Hali ya hewa ilipobadilika msitu ulirudi nyuma, na baadaye shoka na jembe vikaukatakata vipande. Kipande cha Kakamega ndicho kilichobaki mbali zaidi upande wa mashariki. Ndiyo maana wako ndege, nyoka na vipepeo hapa ambao ndugu zao wa karibu wanaishi Uganda na Kongo, na ambao mtu akiwatafuta Nairobi, Mombasa au Mlima Kenya hatawaona. Yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi cheusi, anayeruka kwa uzito kutoka mti mmoja hadi mwingine kama kuku aliyechoka, ni mmoja wao.

Kati ya hapa na misitu ya Mabira au Budongo kule Uganda kuna miwa, mahindi, miji na barabara. Kima havuki nchi ya namna hiyo. Hondohondo naye hawezi kubeba tunda tumboni kutoka Mabira akaja kuliangusha Buyangu. Jirani wa karibu ni misitu ya Nandi, iliyo juu ya ukuta wa mlima upande wa mashariki. Hiyo ni ndugu kweli, na miti mingi ni ya aina moja. Lakini kule ni juu zaidi na baridi ni kali zaidi, na yenyewe imezungukwa na mashamba vile vile. Kila aina ya mti au mnyama inayotoweka Kakamega kwa hiyo haina pa kurudia kutoka. Itatoka kwa mbegu iliyomo humu ndani, au haitatoka kabisa.

Kasuku wa kijivu ni mfano ambao wazee wanaujua vizuri. Walikuwa wakionekana wakipita juu kwa kelele asubuhi na jioni. Wakategwa kwa ajili ya kuuzwa, na miti mikubwa yenye mashimo walimotagia mayai ikakatwa. Leo mtu akisema amemwona kasuku huulizwa mara mbili kama ana hakika. Kule Kongo kasuku wa namna hii wangali wapo, ila hakuna anayewaelekeza njia ya kuja Kakamega.

Kisere ni kisiwa ndani ya kisiwa. Kile kipande cha hekta zipatazo 400 upande wa kaskazini kina miti mirefu iliyobaki katika hali nzuri, na ndimo anamoishi kima mwenye ndevu nyeupe ambaye wengi humwita karasinga. Lakini kimetengwa na msitu mkubwa. Karasinga wa Kisere wakipatwa na ugonjwa au moto, hakuna kundi la jirani la kuja kujaza nafasi. Malava, pembeni mwa barabara ya kwenda Webuye, hali ni hiyo hiyo na eneo ni dogo zaidi.

Ulifikaje msitu hapa ulipo? Dhahabu ina sehemu yake. Mapema miaka ya 1930 habari za dhahabu ya Kakamega zilienea na watu wakamiminika. Migodi ilitaka magogo ya kushikilia mashimo yasiporomoke na kuni za kuendeshea mashine, na miti haikuwa mbali. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ilitangaza mipaka ya msitu. Hata hivyo kutangaza mpaka hakukuzuia misumeno, kwa sababu upasuaji wa mbao uliendelea kwa miongo mingi ndani ya mpaka huo huo, kwa leseni na bila leseni. Mwaka 1967 Yala na Isecheno zilitengwa kuwa hifadhi za asili. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, yaani Buyangu pamoja na Kisere, karibu hekta 4,500, ukafanywa hifadhi ya taifa. Katika miaka hiyo ya 1980 ukataji wa miti ya asili ukapigwa marufuku, na mwaka 1986 likaanzishwa shirika la Nyayo la kupanda chai pembezoni mwa misitu ili mshipi wa majani chai uwe ukuta.

Kwenye karatasi msitu una takriban hekta 24,000. Msitu wa asili wenyewe haufiki hata nusu ya eneo hilo kwa hali ya kuridhisha. Sehemu nyingine ni miti ya kupandwa, chai, nyasi na vichaka vilivyoota mahali palipokatwa.

Wenyeji wanajua kwamba msitu huu una wasimamizi wawili. Kaskazini kuna Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambako mwananchi haruhusiwi kutoa chochote. Kusini kuna Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ambako kuokota kuni, kukata nyasi na kulisha ng'ombe huruhusiwa kwa kibali na malipo. Watafiti waliotembea pande zote mbili wakihesabu visiki na alama za watu, miaka ya mwanzo ya karne hii, walikuta alama kila mahali. Zilikuwa chache upande wa KWS na nyingi zaidi upande wa KFS. Wapo wanaosikia hivyo wakasema dawa ni moja: fungeni msitu wote. Hilo ni rahisi kusemwa na mtu anayepikia gesi.

Kulingana na sensa ya 2019, Kaunti ya Kakamega ina zaidi ya watu milioni 1.8, na wakigawanywa kwa eneo hupatikana zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita moja ya mraba. Ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi zaidi nchini. Mashamba yamegawanywa kati ya watoto na wajukuu hadi mengine hayafiki ekari moja. Mama mwenye nusu ekari hupanda mahindi, maharagwe na sukuma wiki. Hana pa kuweka mti wa kuni. Jioni mafiga matatu hayajui sheria ya mwaka gani; yanataka kuni. Akifungiwa kusini atatafuta mahali pengine, na mahali pengine ni mwitu huu huu, kwa njia ya usiku.

Kwa hiyo ulinzi wa msitu una sehemu kubwa inayofanyika nje ya msitu. Jiko kisasa lililojengwa vizuri, likapikiwa kuni kavu zilizopasuliwa, hula kuni chache sana kuliko mafiga. Wengi walijengewa, halafu kigae kikapasuka na hakikubadilishwa, na mafiga yakarudi. Hapo ndipo vikundi vya akina mama vinaweza kusaidia kuliko ofisi yoyote, kwa kuwa na fundi wao na akiba kidogo ya kununulia vigae. Miti mikavu iliyolala ndani ya msitu nayo si takataka. Ndani yake mna wadudu ambao ndege hula, na inapooza huwa ndiyo mbolea. Kibali cha kuokota kuni ni cha mzigo wa kichwa, wala si ruhusa ya kubeba shoka.

Baada ya kuni huja dawa, na hapa suala la mbegu linakuwa zito zaidi.

Mwiritsa ni mti unaojulikana na kila mganga wa kienyeji. Maganda yake husafirishwa ng'ambo kutengenezea dawa za uvimbe wa tezi dume, na kwa sababu ya wingi wa mahitaji biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES tangu 1995. Maganda yakibanduliwa sehemu ndogo tu ya shina, mti unaweza kufunika kidonda. Yakibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa ukiwa umesimama, kwa sababu chakula kinachotoka kwenye majani hakishuki tena mizizini. Mwizi wa maganda akiwa na haraka, huzungusha. Na anapendelea miti mikubwa, ile ile iliyo mama wa mbegu. Mwiritsa mmoja mkubwa ukifa, hupotea matunda ya miaka mingi ambayo ndege na kima wangeyabeba.

Mukombero ni hadithi ya aina nyingine. Hakuna stendi ya magari kutoka hapa hadi Nairobi ambapo mzizi wake hauuzwi, na sifa zake hazihitaji kutajwa mbele ya wazee. Lakini anayekula ni mzizi, na mzizi ukichimbuliwa wote mmea umekwisha. Wachuuzi wa miaka ya nyuma waliupata ukingoni mwa msitu; wa leo hutembea ndani sana. Hata hivyo mukombero unakubali kulimwa. Unapanda kwenye mti wa uzio, unavumilia kivuli, na wapo wakulima karibu na msitu ambao wameupanda kwa mbegu wakauza mizizi bila kukimbizana na askari. Kwa shamba dogo, zao linalopanda juu badala ya kutambaa chini lina faida ambayo mkulima yeyote ataiona.

Kikundi cha wakulima wa Muliru kilichukua njia hiyo kwa mrihani wenye harufu ya kafuri. Badala ya kuuchuma porini waliulima, wakanunua mtambo wa kuukamua mafuta kwa mvuke, wakatengeneza marhamu ya mafua na maumivu. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta inayotolewa chini ya Umoja wa Mataifa. Sifa ya tuzo ilipita haraka. Kilichobaki ni kwamba mwenye robo ekari ya mrihani ana sababu ya kuamka asubuhi aende shambani, asiende msituni.

Isukuti nayo inahusika. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Moja ya shida zilizotajwa ni ukosefu wa vifaa vya kutengenezea ngoma. Ngoma hizo tatu huchongwa kwa kigogo kizima kinachotobolewa katikati, na kigogo cha unene huo hakikui kwa miaka mitatu. Familia za wachongaji zikipanda miti yao leo, ni wajukuu watakaochonga. Hiyo ni sababu ya kuanza mapema.

Sasa neno kuhusu mapera, maana mpera umesemwa vibaya pengine kupita kiasi. Ni mti wa kigeni kutoka Amerika. Ndani ya msitu, mahali palipokatwa au palipochungwa ng'ombe, umejaa na unazuia miti mingine isishike. Huko unastahili lawama. Lakini watafiti waliochunguza mipera ya mashambani nje ya msitu walikuta jambo ambalo halikutarajiwa: chini yake palikuwa pameota miche ya miti ya msituni. Ndege huja kula mapera, na wakiwa wametua huangusha kinyesi chenye mbegu walizomeza ndani ya msitu. Kumbe mpera wa uani ni kituo cha kushushia abiria.

Mkulima anayepalilia hung'oa miche hiyo bila kuitazama, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu ukiwa mdogo mti wa thamani hufanana na gugu. Lakini mwalimu wa shule akiwatoa wanafunzi dakika ishirini tu, wakahesabu miche iliyo chini ya mpera mmoja, wakamwita mzee anayeijua miti kwa majina ya hapa, watapata kitalu ambacho hakikugharimu shilingi. Miche hiyo inaweza kuhamishiwa mpakani mwa shamba, kando ya mto au kwenye uwanja wa shule.

Kampeni za kupanda miti zimekuwa nyingi tangu serikali ya taifa iweke lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ni jambo jema, ila kwa msitu huu kuna tahadhari. Mche ulioletwa kwa lori kutoka mbali, wa aina isiyo ya hapa, ukipandwa ndani ya msitu wa asili hauusaidii. Penye miti mama karibu na ardhi isiyokanyagwa na ng'ombe, msitu hujipanda wenyewe vizuri kuliko mkono wa mtu, na kazi inayobaki ni kuzuia mifugo na moto. Nguvu ya kupanda ielekezwe mahali palipobaki nyasi tupu na ambapo ndege hawafiki kwa urahisi, kwa miche iliyotokana na miti ya Kakamega yenyewe.

Na mikaratusi? Wengi wameipanda kwa ajili ya nguzo na kuni, na hela yake ni ya haraka. Ikiwa mbali na mto na chemchemi, mkaratusi unaopunguza mzigo mmoja wa kuni kutoka msituni una faida yake, na wanaoulaani moja kwa moja hawajafikiria jiko la jirani yao. Lakini hakuna hondohondo atakayeshiba kwa mkaratusi. Kanuni za kilimo za mwaka 2009 zinamtaka mwenye shamba atenge asilimia 10 kwa miti. Ndani ya hiyo asilimia 10 panatosha mikaratusi michache ya kuuza, pamoja na mwiritsa na mutere kwenye mpaka.

Maji ya msitu huu hayaishii Kakamega. Isiukhu huingia Nzoia, na Nzoia hushuka hadi Budalangi. Yala hupita kusini mwa msitu kuelekea kinamasi cha Yala kule Siaya, kisha ziwani. Udongo unaomomonyoka Shinyalu huonekana chini huko ukiwa tope.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 imeipa jamii nafasi, kupitia vyama vya jamii vya misitu kama Muileshi. Chama kilichosajiliwa na chenye makubaliano na KFS kinaweza kupewa haki ya kuokota kuni, kuchuma dawa, kurina asali, kukata nyasi na kupokea wageni, mradi uhifadhi usidhurike. Haki hizo hazimwendei mtu mmoja mmoja aliye nje ya chama. Kulima mimea ya chakula kati ya miche huruhusiwa tu katika sehemu za miti ya kupandwa, kwa utaratibu wa KFS, na kamwe si chini ya miti ya asili. Chama chenye wanachama kumi wanaokutana mara moja kwa mwaka hakiwezi kumlinda mwiritsa hata mmoja. Ada ya uanachama ikilipwa na maskauti wakatembea, hata askari wa msitu hupata wa kumpigia simu.

Kwa vikundi vya vitalu, mbegu ya mwiritsa ina masharti yake. Haihifadhiki. Ikikauka sana au ikikaa muda mrefu hufa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani mti ni mgumu. Matunda yaliyoiva yaokotwe yangali mabichi, nyama itolewe kwa kuosha, mbegu zianikwe kivulini kwa muda mfupi bila jua kali, na zipandwe mara moja. Zitaota baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo kitalu kisimwagwe mapema. Zisikusanywe chini ya mti mmoja tu kwa kuwa uko karibu na njia, maana miche yote itakuwa ndugu wa mama mmoja na ugonjwa mmoja utaimaliza. Ni bora matunda machache kutoka miti kumi iliyo mbali mbali.

Anayetaka kibali cha kuokota kuni au kukusanya mbegu upande wa kusini aende kwa afisa wa misitu wa Isecheno akiwa na kitambulisho, au apitie kwa katibu wa chama chake. Upande wa Buyangu na Kisere hakuna kibali cha kutoa kitu. Vikundi vinavyohitaji mafunzo ya vitalu au fundi wa jiko kisasa viandikishe majina katika ofisi ya kilimo ya wadi, na walimu wanaotaka kuhesabu miche chini ya mipera waanze msimu huu wa mvua, kabla ya palizi ya kwanza.